Msingi Haulipi Kodi

Mwalimu alistaafu akiwa na miaka 60, kama utumishi unavyotaka, akapokea kiinua mgongo cha shilingi milioni 38. Kiwanja alikuwa nacho Chanika tangu zamani. Akapiga hesabu: nyumba sita za chumba na sebule, kila moja 80,000 kwa mwezi, jumla 480,000. Mkewe akamwambia, “Baba, tujenge mbili, tuzimalize, wapangaji waingie, ndipo tuendelee.” Akajibu kwamba msingi mmoja mrefu una nafuu kuliko mifupi mitatu. Hapo hakukosea, fundi yeyote angesema hivyo.

Lakini kiwanja kina mteremko, na msingi ulimeza tofali kupita makadirio. Saruji na nondo nazo zikapanda bei. Walipofika kwenye lenta, akaunti ilibaki na milioni moja na nusu, na boma limesimama refu kama darasa, halina bati.

Kijana wa miaka 30 akikwama kwenye lenta hapati msiba. Mshahara upo: mwaka huu bati, mwakani madirisha, na mitaa mingi ya Dar es Salaam imejengwa hivyo hivyo. Mwalimu aliiga mwendo huo wakati mshahara umekwisha. Pensheni ya mwezi ilikuwa ya chakula na dawa za presha. Alipoomba mkopo, benki ilimuuliza umri kwanza, kisha hati. Hati hakuwa nayo. Alikuwa na karatasi ya mauziano yenye muhuri wa serikali ya mtaa. Wakamrudishia.

Dalali ndiye aliyemkwamua, kwa namna yake. Alileta wapangaji wawili waliokubali kulipa kodi ya mwaka mzima, ili nyumba zao ziezekwe kwa pesa hiyo. (Yeye mwenyewe alilipwa na wapangaji, kodi ya mwezi, kama ilivyo desturi yao.) Nyumba mbili zikapauliwa, zikatiwa milango, choo na umeme. Plasta ilisubiri.

Mwaka ule Mwalimu alikuwa mwenye nyumba asiyepokea kodi, ila simu za bomba linalovuja alizipokea zote. Mwaka uliofuata wapangaji wakalipa miezi sita, 960,000, ikaishia kwenye mbao na bati za nyumba ya tatu. Safari hii mkewe ndiye anayezungumza na fundi, na amemkataza kugusa ya nne mpaka ya tatu ipate mpangaji.