Shahidi Husikizwa Ushahidi Wake Wote

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, Mwingi wa rehema, Mwenye kurehemu. Sifa zote njema ni zake, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na Nabii Isa mwana wa Maryamu, na Mitume wote.

Ama baada ya haya. Enyi ndugu zetu Waislamu, limeingia katika mihadhara yetu ya pwani jambo litupasalo kuonyana. Wako vijana ambao, kwa kutaka kuwashinda Wakristo, huyaokota maneno ya wanavyuoni wa Ulaya na Marekani wenye shaka, wakayarusha kama mawe pasi na kutazama yaangukia wapi.

Wanavyuoni hao wa namna mbili. Namna ya kwanza ni wasemao kuwa Yesu hakupata kuweko kabisa. Katika hao ni Bruno Bauer, aliyekufa mwaka 1882, na Arthur Drews, aliyetoa kitabu chake mwaka 1909, wote Wajerumani. Namna ya pili ni wasemao kuwa aliweko, walakini khabari zake zimechanganyika na nyongeza za waliokuja baadaye. Ndivyo asemavyo Bart Ehrman wa Marekani, ambaye mwaka 2012 alitoa kitabu kizima kuwarudi wale wa kwanza.

Basi mwenye kuwashika wa kwanza na ajue amkanushaye ni nani. Isa ametajwa kwa jina lake mara 25 katika Qur'ani, na mwenye kumkanusha Nabii mmoja amewakanusha wote. Upanga huo hauna mpini: humkata alioushika kabla ya kumfikia aliyekusudiwa.

Na mwenye kumshika wa pili na amsikize hata mwisho. Ehrman asema kuwa walionakili Injili walibadilisha maneno, hilo twalishangilia. Lakini huyo huyo asema kuwa Yesu alisulubiwa kwa amri ya Pilato, na hilo sisi twalikataa kwa nassi ya Sura ya Nisaa. Je, yafaa kumleta shahidi barazani, kisha kumziba kinywa afikapo nusu ya maneno yake? Tuseme wazi: imani yetu katika jambo hili twaitegemeza juu ya Wahyi, hatukuiazima kwa Ehrman.

Watetezi wa Kikristo nao wana ila mfano wa hii. Josephus, Myahudi aliyeandika tarikh karibu na mwaka 93, amemtaja Yesu mahali pawili. Katika pamoja wapo yamo maneno kuwa yeye ndiye Masihi, na wanavyuoni walio wengi waona kuwa hayo yametiwa na mkono wa Mkristo. Hata hivyo wako wahubiri wayasomao kana kwamba hapana ayabishaye. Naye C. S. Lewis, katika kitabu cha mwaka 1952, alisema kuwa mtu mwenye kunena aliyoyanena Yesu ama ni mwenda wazimu, ama mwovu mdanganyifu, ama ni Mungu. Ameuacha mlango wa nne: kuwa huenda hakuyanena, bali yamenenwa juu yake. Maneno yaliyo wazi zaidi katika madai hayo yamo katika Injili ya Yohana, ambayo wanavyuoni wengi waiona ndiyo ya mwisho kuandikwa katika zile nne. Hayamo katika ile ya Marko. Hoja hii ina nguvu, wala haimvunjii Nabii wa Mwenyezi Mungu heshima yake.

Mola wetu ametuamrisha katika Sura ya Maida kuwa kuwachukia watu kusitupeleke kuacha uadilifu. Basi ewe ndugu, kabla hujasimama mbele ya watu, kisome kitabu chote, ulinukuu neno kama alivyolisema mwenyewe, na usilo na yakini nalo uliache. Jirani yako Mkristo akikujua kuwa humdanganyi katika khabari ya Josephus, huenda akakutegea sikio katika khabari ya Tauhidi.

Wabillahi taufiki.