Kibarua akikubali mwenyewe, mwajiri amesalimika?

Muulize mwenye banda la kubangulia korosho kwa nini vibarua wake hawana glavu, uone kama hatakujibu: "Wamekubali wenyewe, sikumlazimisha mtu." Jibu ni hilo hilo msimu wa salfa huku Masasi na Newala, kijana anapobebeshwa mashine ya kupulizia mikorosho akiwa amejifunga kitambaa tu puani. Swali la kujiuliza sisi Waislamu ni hili: je, ridhaa ya kibarua inamwondolea mwajiri dhima mbele ya Allah (SW)?

Kwanza tuijue hatari yenyewe. Ndani ya ganda la korosho mna mafuta makali yanayobabua ngozi. Ndiyo maana wabanguaji, ambao wengi wao ni akina mama, hupaka mikono majivu au mafuta ya kupikia. Korosho zikikaangwa, moshi wake huwasha macho na kifua. Salfa nayo, unga unaopulizwa kuzuia ubwiriunga, humwingia mpulizaji machoni na puani, na upepo huipeleka hadi kwenye ndoo ya maji ya jirani ambaye hakuulizwa kama ameridhia.

Sheria tunazo. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri atoe vifaa vya kinga. Ya Mazingira ni ya mwaka 2004. Ya Fidia kwa Wafanyakazi ilitungwa 2008, na Mfuko wake ukaanza kazi 2015. Lakini mkaguzi hawezi kukaa bandani kila siku. Mwajiri anayegawa glavu siku ya ukaguzi tu, huyo amemwogopa mkaguzi, hakumwogopa Mola wake.

Turudi kwenye ridhaa. Ni kweli kwamba mikataba katika Uislamu husimama juu yake. Lakini mla riba naye hukopesha mtu aliyeridhia, tena aliyekuja kuomba kwa miguu yake, na ridhaa hiyo haijaigeuza riba kuwa halali. Mwenye shida hukubali sharti lolote. Na aya ile ile ya Surat An-Nisaa (4:29) inayotaja biashara ya kuridhiana, inaendelea hapo hapo kutukataza kujiua. Mwili ni amana ya Allah; kibarua hana ruhusa ya kuuza macho yake, na mwajiri hana ruhusa ya kuyanunua.

Wapo watakaosema: "Nilinunua glavu, wakazivua wenyewe." Huenda ni kweli. Lakini wamezivua kwa nini? Mama analipwa kwa kilo, na glavu humpunguzia kasi. Akizivaa, jioni anakosa unga wa watoto. Nani aliyepanga malipo hayo? Aliyempa glavu kwa mkono mmoja na kumwadhibu kwa kuzivaa kwa mkono wa pili hajampa kitu.

Tazama mzee wa Madyan katika Surat Al-Qasas. Alipomwajiri Musa (AS), mgeni asiye na pa kwenda, alimhakikishia kuwa hataki kumtaabisha. Hakungoja Musa alalamike, maana mwenye njaa halalamiki. Naye Mtume (SAW), katika hadithi ya Abu Dharr waliyoipokea Bukhari na Muslim, alikataza kuwakalifisha walio chini yetu kazi inayowashinda, na tukiwapa kazi hiyo tuwasaidie.

Miaka ya 1970 Serikali ilijenga viwanda vikubwa vya korosho, vikiwemo vya Masasi na Newala, na vingi vilikuja kusimama. Leo sehemu kubwa ya korosho yetu husafirishwa ghafi kwenda India na Vietnam, na sote tunalilia viwanda. Ni kilio cha haki. Lakini tuviombe pamoja na glavu, barakoa, mabomba ya kutolea moshi na malipo yasiyomlazimisha mtu kuchagua kati ya ngozi yake na chakula chake.

Wala tusiwanyooshee vidole wenye viwanda peke yao. Mwenye ekari tatu anayemwita kijana ampulizie salfa ni mwajiri pia. Akipiga hesabu za msimu, gharama ya barakoa na miwani ya kijana huyo aitoe kabla ya kuhesabu faida. Asipofanya hivyo, sehemu ya anachokiita faida ni haki ya mtu mwingine.

Wabillahi tawfiq.