Deni Lisilodaika

Msomaji wangu, yako maswali mawili ambayo hufanana kama mapacha, lakini si mamoja. La kwanza ni hili: Je, jambo hili litanipa faida? La pili ni hili: Je, faida hiyo ikija, nitaweza kuidai mchana, mbele ya watu, bila kuinamisha uso? Wengi hujiuliza la kwanza, na wachache hukumbuka la pili. Katika insha hii nataka tulifikiri swali la pili kwa mfano wa kamari, maana kamari imeingia sokoni kwetu, imeingia katika simu zetu, na sasa yabisha hodi madarasani.

Kasikeu ni soko dogo katika Kaunti ya Makueni, si mbali na Sultan Hamud, mji ulio kando ya reli na barabara kuu iendayo Mombasa. Watu wake ni wakulima wa mahindi, mbaazi, kunde na maembe; ni wachuuzi, walimu na waendeshaji wa pikipiki. Fedha kwetu hazina wingi. Huja kwa msimu, na mvua ikikosa haziji kabisa. Mahali penye hali kama hiyo, mtu anayeahidi fedha za ghafula hakosi wasikilizaji.

Jioni moja alinijia kijana niliyemfundisha zamani, ambaye sasa huendesha pikipiki ya mtu mwingine kwa ujira. Alikuwa na kalamu na karatasi, akaniambia, “Mwalimu, nisaidie kuandika barua kwa chifu. Kuna mtu amenidhulumu.” Nikamkaribisha kiti, nikamwuliza habari. Akasema kwamba nyuma ya duka moja kilikuwako chumba ambamo mtu mmoja hupokea madau ya mechi za mpira wa Uingereza. Hana leseni wala risiti. Ana daftari tu. Kijana alitia dau la shilingi 500 juu ya mechi tatu, na zote tatu zikaenda kama alivyobashiri. Kwa hesabu waliyopatana alistahili kulipwa shilingi 14,000. Siku ya kwanza aliambiwa arudi kesho. Siku ya pili aliambiwa kwamba ukurasa ulilowa maji. Siku ya tatu mwenye chumba alimtazama kama mgeni, akamwuliza, “Dau gani?”

Nilimwuliza kwa nini alikwenda kwa mtu yule. Akajibu, “Kwake hakuna kodi, Mwalimu. Ukishinda mia, wala mia.” Tena akanena kwa sauti ya chini kwamba dadake alikuwa amerudishwa nyumbani kwa ajili ya karo, naye alikuwa amekwisha kumwahidi kuwa Jumatatu atarudi shuleni.

Nilichukua kalamu. Mstari wa kwanza niliandika jina lake. Mstari wa pili niliandika kwamba anadai shilingi 14,000. Mstari wa tatu ukanishinda, kwa sababu hapo ilipasa kueleza deni lilitokana na nini. Kila neno la kweli ambalo ningeliandika lingekuwa ungamo la mdai mwenyewe. Nikaweka kalamu mezani, tukatazamana.

Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Hapa daftari lilikuwapo, lakini lilikuwa la mtu mmoja, nalo lilikuwa la siri. Daftari la siri si shahidi. Ni mtumwa wa mwenye kulishika.

Tazama sasa sheria inasemaje. Nchini Kenya, tangu sheria ya kamari ya mwaka 1966, mtu haruhusiwi kufanya biashara ya kupokea madau bila leseni. Sheria mpya ya kudhibiti kamari iliyotiwa sahihi mwaka 2025 imeendeleza katazo hilo, na imeendelea kumkataza kijana aliye chini ya miaka 18 asicheze. Basi anayepokea dau bila leseni avunja sheria, na anayemkabidhi fedha zake ajitia katika shughuli ambayo sheria imeikana.

Mahakama zetu zilirithi kanuni nyingi kutoka Uingereza, na mojawapo ni ya zamani sana. Mwaka 1775 hakimu Lord Mansfield alieleza kwamba mahakama haitampa mkono mtu ambaye dai lake limejengwa juu ya tendo la haramu. Hakusema hivyo kwa kumhurumia mdaiwa, maana mdaiwa naye aweza kuwa mwovu zaidi. Alisema hivyo kwa sababu mahakama si chombo cha kugawa mapato ya uvunjaji wa sheria. Uingereza ilikwenda mbali zaidi: tangu sheria ya mwaka 1845 hadi mwaka 2007, hata deni la kamari iliyoruhusiwa halikuweza kudaiwa mahakamani. Waungwana wa huko waliliita deni la heshima, maana lililipwa kwa heshima peke yake. Neno hilo ni zuri kulisikia, lakini lina shimo ndani yake. Deni la heshima hulipwa na mwenye heshima. Na mtu aliyekwisha kuificha biashara yake nyuma ya duka, heshima ya kulipa ataitoa wapi?

Labda utaniambia, “Mwalimu, basi kosa la kijana lilikuwa ni kuchagua mtu asiye na leseni. Angalikwenda kwa kampuni yenye leseni angalilipwa.” Neno lako lina haki, nami silikatai. Mwenye leseni ana jina na anwani, na dau lako huandikwa mahali ambapo hawezi kulimwagia maji. Lakini hebu tufanye hesabu pamoja, maana hesabu haina upendeleo.

Kodi ya kamari nchini mwetu haikutulia. Mwaka 2019 uliwekwa ushuru wa asilimia 20 juu ya kila dau. Mwaka 2020 ukafutwa. Mwaka 2021 ukarudi kwa asilimia 7.5, mwaka 2023 ukapanda hadi 12.5, na mwisho wa mwaka 2024 ukafika 15. Sheria ya Fedha ya mwaka 2025 iliushusha, ikatoza asilimia 5 ya fedha ambazo mchezaji huziweka katika akaunti yake ya kamari, na asilimia 5 nyingine ya fedha anazozitoa. Chukua basi shilingi 1,000 uziweke humo kwa kanuni hiyo. Shilingi 50 zakwenda, zabaki 950. Usicheze lolote, zitoe siku iyo hiyo. Shilingi 47 na senti 50 zakwenda, nawe warudi nyumbani na shilingi 902 na senti 50. Umepoteza karibu mia moja, na mpira haujapigwa.

Juu ya hiyo kuna sehemu ya kampuni. Tuseme watu wawili wanabishana juu ya mechi ambayo kila upande una nafasi sawa, na kila mmoja atia shilingi 100. Kampuni yaahidi kumlipa mshindi shilingi 190. Imepokea 200, italipa 190, na 10 zimebaki kwake timu yoyote ishinde. Wachezaji wapigana wao kwa wao, na aliyekaa kati hashindwi kamwe. Wazee walilijua jambo hili kabla ya simu kuwako, wakasema, cha mlevi huliwa na mgema.

Wala leseni yenyewe si ngao isiyopenya. Mwezi wa Julai mwaka 2019 kampuni 27 za kamari zilinyimwa leseni mpya huku serikali ikizidai kodi, na namba zao za kupokea malipo kwa simu zikaagizwa zifungwe. Wateja waliokuwa na akiba humo walihangaika kuzitoa fedha zao. Ulizuka pia ubishi kama kodi ya ushindi itozwe juu ya faida peke yake, au pamoja na dau ambalo mchezaji alilitia mwenyewe. Wapiganapo tembo nyasi huumia. Na katika ubishi ule nyasi ilikuwa ni mtu wa shilingi hamsini.

Sasa turudi kwa yule aliyesema, “Kwake hakuna kodi.” Maneno hayo ni chambo. Ni kweli kwamba kodi hupunguza fedha; lakini kodi huacha alama, na alama ni shahidi. Palipotozwa kodi kihalali, pana karatasi inayosema kwamba fulani alitoa fedha na fulani alipokea. Aikimbiaye kodi amkimbia shahidi. Kijana wangu aliona raha kwamba serikali haikujua alipotia dau, na siku aliponyimwa haki yake alihuzunika kwamba serikali haikujua. Hakuweza kuwa na yote mawili. Mtu aiachaye sheria mlangoni wakati wa kuingia, asitumaini kuikuta ikimngoja wakati wa kutoka.

Najua wengine watasema kwamba maisha yote ni bahati nasibu. Hata mkulima wa Makueni hutia mbegu ardhini bila kujua kama mvua itanyesha. Nimelifikiri sana neno hili, maana mimi ni mtoto wa mkulima. Ni kweli mkulima hubahatisha. Lakini mbaazi zangu zikistawi, za jirani hazikauki kwa sababu hiyo. Na zikikauka, hakuna aliyevuna kwa kukauka kwake. Katika kamari shilingi niliyoshinda imetoka katika mfuko wa mwingine, pengine mwenye dada aliyerudishwa nyumbani kama wangu. Tena mkulima huweza kusema hadharani alichopanda na mahali alipokipanda. Tofauti ya bahati hizi mbili ni hiyo.

Nisikuache bila kukuambia mwisho wa jioni ile. Nilimwambia kijana kwamba barua ya kudai fedha siwezi kuiandika, ila kuna barua nyingine: barua ya kueleza ukweli kwamba chumba kile kipo, na kwamba wavulana wenye sare za shule huingia humo. Barua hiyo haitamrudishia hata senti moja, nayo itambidi akiri lake. Alikasirika. Aliniuliza kwa nini apate hasara mara mbili. Sikuwa na jibu tamu. Nilimwambia tu kwamba hasara ya kwanza ilikuwa ya fedha, na kwamba akinyamaza, hasara hiyo atakuwa amempa mtoto mwingine.

Aliondoka bila kuaga. Baada ya siku nane alirudi, akakaa kiti kile kile, akaiandika barua kwa mkono wake mwenyewe. Tulikwenda kwa chifu pamoja. Chumba kikafungwa, na shilingi 14,000 hazikuonekana. Dadake alikosa masomo majuma matatu, mpaka nduguye alipokwisha kuweka akiba kidogo kidogo kwa kubeba abiria, akamlipia sehemu ya karo. Sijasikia akizitaja tena zile elfu kumi na nne, ila stakabadhi ya karo aliikunja akaiweka mfukoni mwa shati, akanionyesha mara mbili.

Msomaji, kesho rafiki atakuonyesha njia ya fedha isiyo na kodi wala karatasi. Kabla hujamjibu, chukua kalamu ujaribu kuandika mistari mitatu: jina lako, kiasi unachotazamia, na sababu ya kukistahili. Ukiona mstari wa tatu hauandikiki, ziache fedha hizo zipite.