Bei ya Kikapu na Bei ya Kahawa

Swali ninalotaka kulijadili ni dogo kwa sura, lakini kila mmoja wetu hulikuta njiani karibu kila siku. Kwa nini tunabishana na mama anayeuza kikapu, ilhali bei ya kahawa iliyoandikwa ukutani tunailipa kimya? Mtu anaweza kujibu kwamba hiyo ndiyo desturi: sokoni watu hupatana, mkahawani hawapatani. Jibu hilo linaeleza tunachofanya, lakini halielezi kama tunachofanya ni haki.

Nililitafakari swali hili kwa uzito wakati wa likizo, tuliposafiri wanafunzi wanne kutoka Kampala kwenda Kigali. Hatukuwa na kazi ya masomo. Tulikuwa tumemaliza mitihani, tukachanga fedha za basi na za malazi ya siku mbili, tukakubaliana kwamba tutazunguka tu: kutazama kazi za sanaa, kuingia madukani na kunywa kahawa. Kwa mtu aliyezoea Kampala, Kigali ina mambo yake. Magari hupita upande wa kulia, saa iko nyuma yetu kwa saa moja, na dukani unapewa mfuko wa karatasi kwa kuwa mifuko ya plastiki imepigwa marufuku. Kiswahili, ambacho kwetu bado kuna watu wanaokihusisha na wanajeshi, kilitufaa sana. Nchini Rwanda kilifanywa lugha rasmi mwaka 2017, na wafanyabiashara wengi wa sokoni wanakijua.

Siku ya kwanza tulikwenda Kanombe, kwenye nyumba iliyokuwa makazi ya rais na ambayo tangu 2018 ni makumbusho ya sanaa. Kisha tukaenda Kacyiru, kwenye kituo cha Inema, kilichoanzishwa mwaka 2012 na ndugu wawili wachoraji, Emmanuel Nkuranga na Innocent Nkurunziza. Tulisimama mbele ya picha kubwa, tukazitazama kwa karibu na kwa mbali, tukabishana kuhusu maana zake. Waswahili husema macho hayana pazia, nasi tuliyatumia yetu bila kubania. Jambo moja tu hatukubishania: bei. Hakuna aliyethubutu kumwuliza mtu yeyote, katika nyumba yoyote ya sanaa tuliyoingia, kama bei ya picha ingeweza kupungua.

Siku ya pili tulikwenda soko la Kimironko. Mwenzetu anayesoma uhasibu alipenda kikapu kimoja cha agaseke, chenye kifuniko kilichochongoka, kilichosukwa kwa katani na nyasi kwa ustadi ambao ungedhani kimepimwa kwa rula. Mama aliyekuwa akiuza alitaja faranga 15,000. Mwenzetu akaanza. Walipofika 12,000 mama yule alikuwa bado anakisifu kikapu: tazama usukaji ulivyobana, tazama rangi, hiki hakitafumuka. Walipofika 10,000 aliacha kukisifu. Alisema, "Mwanangu, tangu asubuhi sijauza kitu." Wakamalizia kwa 9,000.

Baada ya hapo tuliingia katika mkahawa mmoja wenye viti vya mbao na mimea dirishani. Kila mtu aliagiza kahawa ya maziwa kwa faranga 3,500 na kipande cha keki kwa 4,000. Wanne kwa pamoja tulilipa 30,000, na hakuna aliyesema neno. Ubishi wa sokoni ulikuwa umeokoa 6,000. Nilipoitazama risiti nikakumbuka kwamba nembo ya taifa la Rwanda ina tawi la mbuni, na ina kikapu pia. Taifa limeviweka pamoja kama vitu viwili vya heshima. Sisi kimoja tulikuwa tumekibishania hadi mwenye nacho akakosa la kusema, na kingine tukakilipia kama kodi.

Nililitoa swali hilo mezani, na majibu ya wenzangu yanastahili kusikilizwa moja moja.

Yule wa uhasibu alisema kwamba bei si kitu kilichomo ndani ya kikapu. Bei ni mahali ambapo watu wawili wanakutana. Mama alianza juu kwa sababu alituona wageni; mnunuzi akaanza chini kwa sababu anajua hivyo. Hakuna aliyedanganywa, hakuna aliyelazimishwa, na kila mmoja aliondoka na kitu alichokitaka kuliko kile alichokitoa. Biashara haigombi, alisema, na asiyepatana bei anaonekana mjinga, haonekani mwema.

Wa pili alisema kwamba sisi wenyewe ni maskini. Mwanafunzi anayeishi kwa fedha za kutumiwa na wazazi hana deni kwa mfanyabiashara mwenye kibanda chake sokoni. Akauliza kwa nini huruma idaiwe kwetu.

Wa tatu alikawia kusema. Mama yake huuza mikeka na vikapu katika soko moja la magharibi mwa Uganda. Aliposema, alisema hivi: "Mama hakubali kwa sababu bei ni nzuri. Anakubali kwa sababu ni saa kumi na moja jioni, hajauza, na nyumbani wanamsubiri. Anajua kabisa kwamba amepata hasara. Akifika nyumbani hasemi ameuza, anasema ameponyoka."

Nadhani neno hilo la mwisho lilibeba mzigo wote wa swali. Hoja ya uhasibu inasimama juu ya neno moja: makubaliano. Lakini lugha yetu inatofautisha mambo ambayo hoja hiyo inayachanganya. Kuna kukubali na kuna kuridhia. Mtu anaweza kukubali kwa mdomo jambo ambalo moyo wake haujaliridhia, kama mgonjwa anavyokubali kukatwa mguu. Wanaofikiri juu ya biashara wamelijua hili tangu zamani. Aristotle, katika kitabu cha tano cha Maadili yake kwa Nikomako, aliuliza ni viatu vingapi vilingane na nyumba moja ili mjenzi na mshonaji wabaki sawa baada ya kubadilishana. Qurani, katika Sura ya An-Nisaa, inataka biashara iwe ya kuridhiana. Kitabu cha Mithali katika Biblia kinamtaja mnunuzi anayekiponda kitu mbele ya mwuzaji, kisha anaenda zake akijisifu. Wote hawa wanatuambia kwamba "alisema ndiyo" haitoshi. Inabidi tuulize kama aliyesema ndiyo angeweza kusema hapana.

Kipimo hicho kikitumika, tofauti ya sokoni na mkahawani inaonekana vizuri. Tungemwomba mhudumu atupunguzie kahawa, angetabasamu na kukataa. Mwenye mkahawa asingepoteza chochote, kwa kuwa meza yetu ingekaliwa na wengine. Mhudumu hana hata mamlaka ya kupunguza, kwa maana yeye ameajiriwa na bei imeandikwa ukutani. Mama wa kikapu hana ukuta wa kujificha nyuma yake. Bei yake iko mdomoni, na mdomo wake umechoka. Basi kimya chetu mkahawani hakikutokana na heshima, na ubishi wetu sokoni haukutokana na desturi peke yake. Watu hubishana pale wanapoweza kushinda, na hunyamaza pale wanapojua kwamba hawataweza. Hapo ndipo ninapoona udhalimu, hata kama ni wa faranga elfu chache.

Jambo lile lile linaonekana kati ya picha na kikapu. Picha ina saini pembeni, ina taa juu yake na kadi ndogo yenye jina la mchoraji. Tunaiita sanaa. Kikapu hakina jina la aliyekisuka, basi tunakiita bidhaa. Lakini fikiria imigongo, zile mbao zenye mistari ya mwinuko katika rangi nyeusi, nyeupe na nyekundu, zinazotoka mashariki mwa Rwanda. Wanawake huchanganya samadi ya ng'ombe na majivu, wakaiumba kwa vidole juu ya ubao mstari kwa mstari, wakaiacha ikauke, kisha wakaipaka rangi. Ufundi huo ulikaribia kupotea, na baada ya mauaji ya kimbari ya 1994 ukafufuliwa na wanawake waliojiunga katika ushirika. Nani anaweza kuniambia kwamba kazi hiyo ina fikra pungufu kuliko picha ya rangi ya mafuta? Methali inasema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Ninavyoona mimi, mara nyingi kinachojiuza ni kile kilichopata ukuta wa kutundikwa, na uzuri wake huja baadaye katika hesabu.

Je, tuache kupatana bei? Siamini hivyo. Kwanza, mwuzaji wa sokoni si kondoo. Anajua bei ya jumla, sisi hatuijui. Anajua kikapu kipi kilisukwa vizuri na kipi kina kasoro. Anapoanza na 15,000 anatualika katika mazungumzo, na kumtupia fedha zote bila neno kunaweza kuwa dharau ya aina yake, kama kumpa sadaka mtu aliyekuja kufanya kazi. Pili, kupatana kuna utu. Sokoni mama yule alituuliza tumetoka wapi, akacheka Kiswahili chetu, akatuita wanawe. Mkahawani hatukujua hata jina la mhudumu. Nchi ambayo bei zote zimeandikwa ukutani itakuwa imepoteza mazungumzo mengi.

Kwa hiyo ninapendekeza mpaka. Kuna kupatana kwa ajili ya kuitafuta bei, na kuna kupatana kwa ajili ya kuikamua shida ya mwenzako. Huko kwa kwanza ni halali na kuna raha yake. Huko kwa pili ni unyang'anyi wa maneno matamu. Mpaka kati ya mambo hayo mawili unaweza kusikika kwa masikio. Uko pale ambapo mwuzaji anaacha kusema habari za kikapu na kuanza kusema habari za maisha yake. Akiwa bado anasifu usukaji, tunazungumzia kikapu, na kila mmoja ana haki ya kuvuta upande wake. Akisema hajauza tangu asubuhi, au anaomba apate angalau nauli, kikapu kimekwisha kuondoka mezani. Kinachobishaniwa sasa ni haja yake. Mnunuzi muungwana husimama hapo, hulipa ile bei ya mwisho iliyokuwa ya kikapu, au huaga kwa adabu.

Mwenzetu wa uhasibu alinipinga: wapo wauzaji wanaojua kulia. Watasema hawajauza ilhali mfukoni wamejaa. Ni kweli, wapo. Lakini tupime makosa mawili. Nikimwamini mwongo, nimepoteza faranga 2,000, bei ambayo haifiki hata kikombe kimoja cha kahawa. Nikimkamua mkweli, nimechukua chakula cha watu nisiowajua. Hesabu hii haihitaji shahada ya uhasibu.

Na yule aliyesema kwamba sisi pia ni maskini? Nakubali kwamba umaskini ni udhuru. Asiye na 10,000 aseme hana, aache kikapu, hakuna anayemlaumu. Lakini udhuru huo unapaswa kutufuata hadi mkahawani. Umaskini unaoamka sokoni na kulala mbele ya keki si umaskini.

Kimya chetu mkahawani nacho kina waathirika wake. Bei ya kahawa ya arabika duniani hufuata soko la New York, na ya robusta hufuata soko la London. Mkulima wa Rwanda au wa Uganda huipokea bei hiyo kama anavyopokea mvua na jua. Yeye pia hawezi kupatana, na sehemu anayoipata katika zile 3,500 ni ndogo mno. Kama kweli tuna ndimi kali, tungezitumia pale: kumwuliza mwenye mkahawa kahawa yake imetoka kwa nani na mkulima alilipwa kiasi gani. Hilo ni swali la bei pia. Tofauti yake ni kwamba linaelekezwa juu, kwa mtu anayeweza kulijibu bila kukosa nauli ya kurudi nyumbani.

Ninawaandikia wanafunzi wenzangu kwa sababu jambo hili litatugeukia karibuni. Mwaka mmoja au miwili ijayo tutakuwa tumemaliza masomo, nasi tutakuwa wauzaji wa bidhaa moja tu: kazi yetu. Wengi wetu tutatafsiri, tutafundisha, tutahariri, na hatutakuwa na ukuta wa kuandika bei. Mwajiri atatuuliza bei ya mwisho ni ngapi. Tutaanza kwa kusifu shahada yetu na ujuzi wetu. Akiendelea kushusha, itafika dakika ambapo tutaacha kutaja ujuzi na kuanza kutaja kodi ya chumba na wadogo zetu wanaosubiri ada. Siku hiyo tutataka sana mtu aliye upande wa pili wa meza awe amefundishwa kusikia tofauti hiyo, na awe amejifunza mapema, katika mambo madogo kama kikapu.