Usisome Kibandiko Kwanza

Somo: Mithali 20:10, 1 Samweli 16:7, Malaki 3:3

Leo nahubiri juu ya sarafu, na kabla mtu hajaanza kutafuta bahasha ya sadaka, niseme mapema kwamba sitaki pesa yako. Nataka masikio yako tu.

Wengi mnakumbuka mwaka juzi nilikaa miezi mitatu Marekani, kule Texas, kwa dada yangu. Kanisani kwao kulikuwa na mzee mmoja mstaafu aliyekusanya dola za zamani za fedha. Siyo fedha ile tunayosema tukimaanisha pesa. Ni fedha yenyewe, madini, ile Malaki anasema Bwana huketi na kuisafisha. Zinaitwa dola za Morgan, kwa jina la mchongaji wake, George T. Morgan. Zilipigwa kuanzia 1878 hadi 1904, kisha tena 1921. Kila moja ina uzito wa gramu 26.73, sehemu tisa kati ya kumi ni fedha na moja ni shaba. Upande mmoja kuna kichwa cha mwanamke, upande wa pili tai.

Sasa sikilizeni. Wanaokusanya sarafu hizi hawanunui sarafu tu, wananunua hali yake. Wana kipimo cha kuanzia 1 hadi 70. Kuanzia 60 kwenda juu ni sarafu ambayo haijatumika sokoni. Ya 58 imeguswa kidogo tu. Utasema, mchungaji, tofauti ya alama mbili ni nini? Chukua dola ya 1884 iliyopigwa San Francisco. Ikiwa imezunguka mikononi mwa watu kwa muda mrefu, ni ya makumi au mamia ya dola. Ikiwa haijatumika kabisa, unahesabu kwa maelfu mengi. Hapo ndipo watu wanaanza kudanganyana.

Kwa sababu hiyo kukatokea kampuni za kupima, kama PCGS mwaka 1986 na NGC mwaka 1987. Wataalamu wanaiangalia sarafu, wanaipa daraja, wanaifungia ndani ya kasha gumu la plastiki lenye kibandiko. Lakini wanaopima ni watu, kwa macho yao. Kuna wenye sarafu wanaovunja kasha na kuirudisha ipimwe upya, wakitumaini safari hii itapanda. Na wakati mwingine inapanda kweli! Sarafu ni ile ile.

Siku moja mzee akaniketisha mezani. Taa moja tu, lenzi, na sarafu mbili. Ya kwanza ilikuwa kwenye kasha, naye akafunika kibandiko kwa kidole gumba. Akaniambia, "Pasta, usisome kwanza. Ukishasoma namba, macho yako yataitafuta hiyo namba."

Ilikuwa ya 1892, iliyopigwa New Orleans, ina herufi O ndogo upande wa tai. Nikaona nywele zilizo juu ya sikio la yule mwanamke zimelala, hazina mistari. Kifua cha tai nacho hakina manyoya. Nikasema kwa ujasiri wa mhubiri: hii imechakaa. Mzee akacheka. Akaniambia niishike ukingoni na kuigeuza polepole chini ya taa. Haleluya! Mwanga ukazunguka usoni mwa sarafu kama miti ya gurudumu la mkokoteni, ukapita hata juu ya zile nywele bila kukatika. Akanieleza kwamba sarafu iliyochakaa hupoteza mng'ao pale palipoinuka, panakuwa na rangi ya kijivu iliyokufa. Hii haikuchakaa. Ilipigwa hafifu tangu kiwandani, muhuri haukuibana vya kutosha, na dola za New Orleans za mwaka ule zinajulikana kwa hilo. Haikuwahi kuwa na zile nywele.

Ya pili haikuwa na kasha. Iling'aa, wacha niwaambie, kama sufuria iliyosuguliwa kwa jivu. Nikaipa daraja la juu. Mzee akanipa lenzi. Mikwaruzo myembamba, mamia, yote imeelekea upande mmoja. Mtu alikuwa ameisugua ili iuzike. Niligeuza na kugeuza, mwanga haukuzunguka. Ulikaa mahali pamoja tu, kama kwenye bati.

Kisha akaondoa kidole gumba kwenye ile ya kwanza. Kibandiko kilisema 64. Yeye mwenyewe alisema angeipa 62, na siyo kwa ajili ya nywele. Dola hizi zilisafirishwa kwenye magunia, elfu moja kwa gunia, zikigongana. Alama ikiwa ndani ya nywele au manyoya hufichika, lakini shavu liko wazi, na shavu la sarafu ile lilikuwa na majeraha matatu. Kwa hiyo mimi niliipima chini kwa kosa ambalo halikuwepo, na mpimaji akaipima juu kwa kusamehe kosa lililokuwepo.

Msitoke hapa mkisema mchungaji amehubiri hakuna kuchakaa. Kuchakaa kupo. Dhambi ni dhambi. Mithali inasema mizani ya namna mbili ni chukizo kwa Bwana, na mimi naongeza kwamba mizani ya namna mbili mara nyingi inakaa ofisini kwa mchungaji.

Nafika sasa kwa jambo lililonifanya nichague somo hili. Mwenyewe nimemwomba ruhusa. Kabla ya safari ile, mimi na wazee watatu tulimwondoa kijana mmoja kwenye kikundi cha sifa. Tuliandika kwamba amepoa kiroho. Hainui mikono, hashuhudii, ukisema "mwambie jirani yako" yeye anaangalia chini. Tukatia sahihi. Tangu siku hiyo kila aliyemtazama alikuwa ameshasoma kibandiko.

Niliporudi nilikwenda kumwona mama mmoja wetu aliyelazwa. Nikamuuliza kama washirika wanamtembelea. Akasema, "Wanakuja, wanaimba, wanaenda. Lakini uji wa asubuhi ananiletea yule kijana mliyemfukuza. Anakaa tu, hasemi kitu." Wiki saba, wapendwa. Nilienda kwa kijana, nikakaa naye, ndipo nikajua kwamba alilelewa na nyanya yake aliyekuwa kiziwi. Nyumbani kwao hakuna aliyepaza sauti, kwa sababu hakukuwa na wa kusikia. Nami nilikuwa nimekaa naye kanisa moja miaka sita bila kumgeuza chini ya taa hata mara moja.

Barua ile bado iko kwenye faili. Jumapili ijayo, ibada ya pili, nitaisoma mbele yenu na kuifuta, na sisi wanne tuliotia sahihi tutasimama tukiwa hapo mbele. Kijana amesema hataki kurudi jukwaani, anataka aachwe na wagonjwa wake. Nimemwambia sawa. Mama ameruhusiwa kutoka hospitalini Jumanne, na ameniomba kiti karibu na mlango.