Ramani ya Kiganjani

Nilifundisha jiografia kwa miaka 31, na katika miaka yote hiyo ramani kwangu ilikuwa kitu cha kutundikwa ukutani. Ilikuwa pana kiasi kwamba mtoto wa dawati la nyuma aliliona Ziwa Rukwa bila kusimama, nami nilikuwa na fimbo yangu ya kuonyeshea. Leo ramani iko kiganjani. Mjukuu anaitoa mfukoni, anaigusa kwa kidole, inakua. Anaigusa tena, inasinyaa. Kwa muda mrefu nilidhani kwamba tofauti ya ramani hizi mbili ni ukubwa tu, kama ilivyo tofauti ya sufuria na kikombe. Ndugu msomaji, nilikosea, na kosa langu halikuwa la darasani. Lilimkesheza mama wa watu juu ya meza, maji yakipita chini yake.

Nakaa Dar es Salaam, katika mtaa ulio kando ya kijito kinachomwaga maji yake katika mto Msimbazi. Watu wa jiji hili hawajasahau Desemba 2011, mafuriko yalipoua watu zaidi ya 40, na wakazi wengi wa mabondeni wakahamishiwa Mabwepande. Mwaka 2015 ulianza mradi wa Ramani Huria, ambamo wanafunzi wa vyuo vikuu pamoja na wakazi wenyewe walitembea kata kwa kata wakiandika mifereji, vichochoro na nyumba. Taarifa hizo ziliingizwa katika OpenStreetMap, ramani ya dunia iliyoanzishwa Uingereza mwaka 2004, ambayo mtu yeyote anaruhusiwa kuichukua na kuitumia bila malipo.

Basi mwaka 2019 vijana watatu wa mtaa wetu wakapata wazo jema. Walichukua taarifa hizo huria, wakaongeza zao, wakatengeneza ramani ndogo ya mafuriko ya kutazamwa katika simu. Walipomaliza walinijia nyumbani jioni moja.

"Shikamoo mwalimu. Tumeona tukuonyeshe kabla hatujaipeleka kwa mwenyekiti."

Nikavaa miwani. Kila kitu kilikuwamo: kila nyumba, kila choo, kila bomba, kila genge, kila kichochoro, na majina juu ya majina. Lakini kioo chenyewe hakikuzidi upana wa sentimita 7, na vitu vile vyote vilirundikana humo kama sisimizi juu ya sukari. Nilitoka nayo nje penye mwanga, nikaona kidogo zaidi ya nilivyokuwa nikiona ndani. Nikajaribu kugusa nyumba moja kwa kidole, kidole changu kikafunika nyumba ishirini.

"Wanangu," nikawaambia, "hii ni kweli tupu, lakini hakuna atakayeiona. Punguzeni."

Nami nikakaa nao siku kadhaa kupunguza. Tuliondoa magenge, mabomba na majina. Tukaweka kanuni: kila njia iliyo nyembamba kuliko mita 3 itoke, na nyumba zisizofikiwa na njia iliyobaki zitoke pia. Mwishoni yakabaki mambo matatu tu: maji yatafika wapi, watu wakimbilie wapi, na wapite njia ipi. Buluu ilikuwa maji, na mstari mweusi ulikuwa njia. Ilipendeza. Mwenyekiti wa mtaa alisifu, na mimi, nakiri, nilijisikia kijana tena.

Siku tulipoionyesha mkutanoni, mama mmoja mtu mzima, mjane anayeuza mihogo, aliletewa simu na mjukuu wake. Akaitazama sana, kisha akauliza, "Mwalimu, sisi wa ng'ambo ya mfereji tuko wapi?" Nikatazama. Ng'ambo ya mfereji palikuwa buluu tupu. Nyumba 13 za pale hufikiwa kwa njia ya miguu na kijidaraja cha mbao mbili, na kanuni yetu ilikuwa imezifuta zote. Nikamjibu kwa upole, "Mama, ramani haiwezi kubeba kila kitu."

Masika ya 2020 mto ulipanda usiku. Vijana wa kujitolea walizunguka na simu zao wakigonga milango waliyoiona kiooni. Mahali palipochorwa buluu hawakugonga, maana nani hugonga mlango wa maji? Mama yule na mjukuu wake walikesha juu ya meza. Asubuhi walitolewa wazima, Mungu ashukuriwe, lakini sanduku la karatasi zake, vyeti vya marehemu mumewe vikiwamo, lilikuwa limekwenda na maji.

Tangu hapo jibu langu limenisumbua. Kwa maana lilikuwa jibu la kweli. Ramani haiwezi kubeba kila kitu, na anayebisha achukue rula apime. Ramani zetu nyingi za ardhi zilichorwa kwa kipimo cha 1 kwa 50,000, yaani sentimita 1 ya karatasi ni mita 500 za nchi. Kwa kipimo hicho njia ya miguu yenye upana wa mita 1 ingekuwa na upana wa sehemu 2 kati ya 100 za milimita, na ni vigumu sana kwa jicho la binadamu kuiona. Ukitaka ionekane, labda uichore nusu milimita. Lakini nusu milimita hiyo ni mita 25, upana wa barabara kuu! Kwa hiyo mchora ramani ana mawili: ama aifute njia, ama aikuze kwa uongo. Njia ya tatu hana.

Wala kuacha si dhambi kwa asili yake. Mwaka 1931 fundi mmoja wa michoro, Harry Beck, alichora upya ramani ya treni za chini ya ardhi za London. Aliziacha kona halisi za reli, akazinyoosha ziwe za wima, za mlalo na za mshazari. Akaupanua katikati ya mji palipobanana, akavileta karibu vitongoji vya mbali. Kwanza walimkatalia. Mwaka 1933 ikatolewa ikiwa karatasi ya kukunja mfukoni, na watu wakaipenda mara moja, kwa sababu msafiri aliye chini ya ardhi hahitaji kujua reli inakunja wapi; anahitaji kujua ashuke wapi na abadilishe wapi. Beck alitupa ukweli mwingi ili ukweli mmoja uonekane.

Lakini kuna jambo jingine juu ya ramani ileile. Mwaka 2009 waliiondolea mto Thames ili isijazane. Kwa hesabu ya treni, mto ule hauna kazi, kwa kuwa njia nyingi za treni hupita chini yake. Hata hivyo wananchi walilalamika, meya wa mji akaamuru urudishwe, na kabla ya mwaka kwisha ukarudi. Kwa nini? Kwa sababu mtu hutumia mto kujua yuko upande gani wa mji wake. Waliopunguza walimfikiria abiria wa kituo hadi kituo, wakamsahau mtu anayetoka ngazini akitaka kujua amesimama wapi duniani.

Hapo ndipo nilipoanza kulielewa kosa langu. Sikukosea kwa kuacha, nilikosea katika kipimo cha kuachia. Sisi tulipima upana wa njia, wakati jambo la kupimwa lilikuwa uzito wa haja. Njia ya mita 3 yenye maduka pande zote ikikosekana ramanini, hakuna atakayepotea, maana kila mtu anaijua. Njia ya mbao mbili ikikosekana, watu wa nyumba 13 pamoja na watoto wao hawapo. Kilicho chembamba ardhini si lazima kiwe chepesi katika maisha ya watu. Tena ramani ya simu ina jambo moja ambalo ramani ya ukutani haikuwa nalo. Ukutani, pasipochorwa kitu hubaki peupe, na mwanafunzi mdadisi huuliza, "Pale pana nini?" Kiooni kila mahali pana rangi, kwa hiyo tusichokijua na kisichokuwapo huvaa nguo moja. Sisi tulipaka buluu juu ya nyumba za watu, na buluu haiulizwi.

Tena udogo wa kioo ni udhuru wa nusu tu. Ramani hizi zimekatwa vigae. Dunia nzima huanza katika kigae kimoja. Ukikaribia ngazi moja, kila kigae huvunjwa kuwa vinne. Baada ya ngazi 10 vigae vimekwisha kupita milioni moja. Maana yake ni kwamba kilichofichwa kwa mbali kinaweza kurudi kwa karibu. Mchoraji wa karatasi hakuwa na nafasi hiyo. Sisi tulikuwa nayo, lakini tulitumia kanuni moja kwa ngazi zote kwa sababu ya uvivu, tukauita uvivu huo uwazi.

Najua atakuwapo wa kunipinga, na hoja yake ina nguvu. Atasema: mwalimu, ukimrudisha mama huyu, kesho atakuja mwenye baa, naye ana haki, keshokutwa fundi baiskeli, na wiki haijaisha tumerudi kwenye sisimizi, na ramani isiyosomeka haimwokoi mtu yeyote, huyo mama akiwamo. Ni kweli. Huruma isiyochagua huishia kutomsaidia mtu. Lakini kuchagua kwenyewe kuna maswali yake, na mimi nayaona kuwa mawili. La kwanza: nani ataumia zaidi akikosekana? Mwenye baa akikosekana atapoteza mteja. Mama atapoteza usiku, na pengine roho. La pili: nani hana sauti ya kudai arudishwe? Maana waliokaa nami sebuleni siku zile walikuwa na simu, na nyumba zao zilikuwa kando ya njia pana. Tulipunguza vya wengine.

Maji yalipokauka tulikaa tena, safari hii chini ya mwembe ng'ambo ya mfereji. Tukaondoa nembo kubwa iliyokuwa kwenye pembe ya ramani, na kwa aibu nakiri kwamba tuliondoa pia jina langu lililokuwa chini yake. Kijidaraja cha mbao tukakichora kwa mstari mnene usiolingana kabisa na upana wake. Tulidanganya juu ya upana ili tuseme kweli kwamba kipo. Nyumba 13 hazikuenea moja moja, tukaziweka ndani ya duara moja lenye namba, ambalo ukilikaribia linafunguka na kuonyesha kila mlango. Na mahali ambapo hatukuwa tumetembea hatukupaka rangi ya kitu chochote. Tuliweka mistari ya mshazari, maana yake: hapa hatujui, uliza.

Haijawa ramani kamili. Kijito hula kingo zake kila mwaka, watu huhama na kuhamia, na atakayeiamini bila kuuliza anaweza kupotea kama zamani. Lakini nimejifunza kwamba mtu anayerahisisha mambo ili wengine waone, awe mchora ramani, mwandishi wa habari au mwalimu, anashika madaraka juu ya watu asiowaona. Hawezi kuyakwepa, kwa sababu hawezi kuonyesha vyote. Awezalo ni kwenda kusimama mahali alipopafuta kabla hajapafuta.

Tulipomaliza, mjukuu alimpelekea bibi yake simu. Mama hajui kusoma maandishi mengi, lakini namba anazijua, maana ni mfanyabiashara. Akaliwekea duara kidole.

"Hili ndilo sisi, mwalimu?"

"Ndilo, mama."

"Sote kumi na tatu?"

"Nyumba zote."

Akairudisha simu kwa mjukuu wake. "Kumbe tulikuwa tunaenea," akasema, akaendelea kumenya mihogo yake.