Muacheni Binti Akasome Ngoma

Tulikuwa tumemaliza umuganda, kazi yetu ya pamoja, Jumamosi, majembe yameegemezwa ukutani, tunasubiri kikao cha mudugudu, yaani mtaa wetu, kianze. Ndipo mama mmoja akaleta habari kwamba binti wa jirani zetu hapa Nyakabanda amepata nafasi ya kwenda Ghana kusomea ngoma kwa mwaka mzima. Mzee mmoja ninayemheshimu sana, mtu aliyeozesha na kuzika pamoja nasi miaka yote, akatikisa kichwa. "Ngoma inasomewa?" akauliza. "Ngoma imo damuni. Mtoto wa Rwanda anakwenda kwa watu kufundishwa ngoma? Mcheza kwao hutunzwa." Watu wakacheka. Kikao kikaanza, tukazungumzia taka na mitaro ya maji.

Mimi sikucheka, na tangu siku hiyo neno lile limenikaa kooni. Lingekuwa la mzee peke yake ningelimwachia mwenyewe, lakini ni letu sote. Kijana wa mtaa huu alipopata nafasi ya kwenda India kusomea uhandisi tulichanga, tukamwombea dua, wengine wakamsindikiza mpaka uwanja wa ndege wa Kanombe. Hakuna aliyemwuliza kwa nini asijifunze kujenga kwa mafundi wa hapa Nyamirambo. Huyu wa ngoma anaulizwa, tena kwa kicheko.

Wengi wenu mmekwisha kumwona. Ndiye anayepiga ishakwe kwenye kikundi kinachoalikwa katika posa na harusi huku kwetu. Asiyejua hudhani ngoma kubwa ndiyo kiongozi kwa sababu ndiyo inayotikisa kifua. Sivyo. Katika safu ya ngoma saba au tisa, ishakwe, ndogo kuliko zote na yenye sauti ya juu kabisa, ndiyo inayoshika mwendo. Inyahura na igihumurizo, ngoma kubwa zaidi, huingia chini yake na kujibu. Mwenye ishakwe akiteleza, safu nzima imepotea. Mtazameni siku moja mkiwa karibu: fimbo mbili, zile imirishyo, zinashuka kwa nguvu ileile kuanzia mwanzo hadi mwisho, na macho yake hayako kwenye ngozi ya ngoma bali kwa wacheza, kwa sababu anajua kabla yao wapi wataruka. Hayo hayamo damuni. Yamo mikononi, na yaliingia kwa kurudia pigo moja jioni baada ya jioni hadi majirani wakalalamika. Mimi nilikuwa mmoja wa waliosikia kila jioni.

Enzi za wafalme, wapiga ngoma wa Nyanza walikuwa watu wa kazi maalumu ikuluni. Yalikuwepo mapigo ya kumwamsha mfalme na mapigo ya kumpumzisha, na kila pigo lilikuwa na mwenyewe aliyelijua na aliyelifundisha. Mtafiti wa muziki Hugh Tracey alipofika Rwanda mwaka 1952 na mashine zake za kurekodi, alichonasa kilikuwa kazi ya watu waliofunzwa. Haukupita muda mrefu ufalme ukaangushwa, na Kalinga, ngoma kuu ya ufalme, ikapotea katika misukosuko ya mwanzoni mwa miaka ya 1960. Yakaja mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994, yakaondoka na waliojua na waliokuwa wakijifunza. Ngoma ingekuwa inarithiwa kwa kuzaliwa tu, basi watoto waliobaki wangeamka asubuhi wakaipiga. Hawakuamka wakaipiga. Ilibidi waliosalia watafutwe, wakae chini, wafundishe upya.

Na kama kuna watu duniani ambao neno hili la damu lilipaswa kuwatia hofu, ni sisi. Tumekwisha kuona linavyofika mbali, mtu anapopimwa kwa kile anachodaiwa kuzaliwa nacho badala ya anachokifanya. Kwenye ngoma lilifanya dhuluma yake ndogo pia: mwanamke aliambiwa si wa ngoma, asiiguse. Mwaka 2004, kule Huye, Odile Gakire Katese alikusanya wanawake akaanzisha kikundi cha ngoma cha Ingoma Nshya. Walikuwemo wajane, mayatima, na wake wa wanaume waliofungwa kwa mauaji, wamesimama bega kwa bega nyuma ya ngoma, hakuna hata mmoja aliyeikuta mwilini mwake. Walijifunza. Leo binti wa Nyakabanda anapiga ishakwe mbele ya wakwe na hakuna anayeshtuka, lakini njia hiyo wengine waliifyeka kwanza. Wala isidhaniwe kwamba njia ikifyekwa hubaki wazi milele. Hapa jirani, Burundi, ngoma za kifalme ziliingizwa kwenye orodha ya urithi ya UNESCO mwaka 2014, na mwaka 2017 amri ya rais ikawapiga wanawake marufuku kuzipiga.

Utaniambia: vizuri, asome, lakini kwa nini Ghana? Kwa nini asisome hapa?

Nakujibu kwamba wakuu wa ngoma hawakuwahi kukaa mahali pamoja. Doudou N'Diaye Rose, aliyezaliwa Dakar mwaka 1930 na kufanya kazi ya fundi bomba, alizunguka Senegali akiwafuata wazee wa makabila mbalimbali ili ajifunze mapigo yao na maana zake. Alirudi nayo, akaongoza makundi makubwa ya wapigaji, kisha akawafundisha binti zake na wake wa wanawe kazi iliyokuwa ya wanaume. Hakuna Msenegali aliyesema alipoteza cha kwao kwa kujifunza cha jirani. Alipofariki mwaka 2015, taifa zima lilimlilia.

Wageni nao wamelielewa jambo hili kabla yetu. Mwaka 1970 mtunzi wa Marekani, Steve Reich, mtu mwenye elimu ya muziki ya vyuo vya kwao, alipanda ndege kwenda Chuo Kikuu cha Ghana, Legon, akakaa chini mbele ya Gideon Alorwoyie, bingwa wa ngoma za Waewe, afundishwe. Malaria ikamkatizia safari, lakini aliporudi alitunga kazi ndefu aliyoiita Drumming, na mpaka leo inapigwa kwenye kumbi kubwa za dunia. Alorwoyie mwenyewe baadaye alifundisha ngoma katika chuo kikuu kimoja huko Texas kwa miaka mingi. Bagamoyo pia, tangu chuo cha sanaa kilipoanzishwa mwaka 1981, vijana wa Ulaya wamekuwa wakifunga safari kuja kujifunza ngoma kwa Watanzania. Mzungu akija kusoma ngoma kwetu tunaona fahari na tunampiga picha. Mtoto wetu akitaka kuisoma, tunamwambia anayo tayari.

Najua hofu iliyojificha nyuma ya kicheko cha mzee, nami siidharau. Anaogopa binti atarudi na mapigo ya watu, avae nguo za watu, na ishakwe aiweke kando kwa kuwa ameona makubwa. Hilo hutokea. Lakini humtokea anayeondoka mikono mitupu. Huyu anaondoka na kitu, na anayejua mwendo wake vizuri akikutana na mwendo wa Waewe, wenye mapigo yanayopishana na kupandana, huanza kusikia katika ngoma ya kwao mambo ambayo masikio yalikuwa yameyazoea hata hayasikiki. Kama mzee anataka aondoke amejaa zaidi, dawa anayo yeye mwenyewe na wenzake: wamwite kabla hajasafiri, wamwonyeshe mapigo ambayo vijana wa harusi hawayajui. Kweli, maelfu ya rekodi za muziki wetu zilikaa kwenye makumbusho ya Tervuren, Ubelgiji, na katika miaka hii ya karibuni nakala zake zimeletwa Rwanda. Ni jambo la heri. Ila rekodi haikushiki kifundo cha mkono ikakuambia umekosea.

Nabaki na ile methali, maana ndiyo iliyoniuma zaidi. Mcheza kwao hutunzwa. Nani anamtunza? Kwenye sherehe zetu mpiga ngoma hufika wa kwanza na kula wa mwisho. Mwenye mahema anataka malipo ya awali, anapewa. Mpiga picha, vilevile. Mwenye ngoma huambiwa apitie wiki ijayo, na wiki ijayo huambiwa mambo ya harusi yamekula fedha. Binti huyu amecheza kwao tangu utotoni. Kutunzwa bado.

Nimekwenda kumwambia mzee haya yote, kwa adabu, nyumbani kwake. Alinisikiliza, akanikaribisha chai, hakukubali. Namheshimu vilevile. Lakini msimamo wangu ni huu: binti aende, na tumchangie kama tulivyomchangia yule wa uhandisi, kwa kiasi kilekile na dua ileile. Wenye dhamana ya utamaduni wawatafute wazee waliobaki, wawape posho ya kufundisha wangali na nguvu. Na wewe unayepanga harusi mwezi huu, walipe wapiga ngoma wako kabla hawajashika imirishyo.